Friji ya Bombo, simu ya Nakivale: barua za walionunua mtandaoni

Mlango wa Masijala, na Mama Karani

Mwezi huu mfuko wa barua umejaa malalamiko ya aina moja. Tangu Facebook ifungwe hapa Uganda Januari 2021, wauzaji wengi wamehamia WhatsApp, TikTok na Instagram, na waliobaki kulekule huingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi hicho. Biashara haikupungua, ila duka limekosa mlango wa kugonga. Kwa wageni wa safu hii: mimi si wakili. Nilikuwa karani wa masijala ya mahakama, nikipokea mashauri dirishani mpaka nilipostaafu, na ninachokijua kuliko vyote ni kwa nini shauri zuri hurudi nyumbani bila kusikilizwa. Mara nyingi mlalamikaji alikuwa na haki zake zote, lakini hakuwa na jina wala mahali pa kumpelekea mtu hati. Nitalirudia hilo leo mpaka mnichoke.

*Asalaam aleikum Mama Karani. Mimi ni askari mstaafu, naishi Bombo. Niliona friji Instagram, mpya, milango miwili, shilingi 1,450,000. Tukazungumza WhatsApp, nikatuma pesa zote kwa mobile money, friji ikaletwa na pikapu Jumamosi. Ina mlango mmoja, ina mikwaruzo, na ndani inanuka samaki, yaani imeshatumika. Nilipolalamika, muuzaji alinitumia picha ya risiti. Chini imeandikwa: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mke wangu anasema nimeshaliwa, ninyamaze. Ni kweli?* — Afande wa Bombo

Waaleikum salaam, Afande. Mwambie Mama nyumbani hujaliwa bado. Nilikupigia simu barua yako ilipofika, kabla gazeti halijaenda kuchapwa, maana katika jambo hili siku zinahesabika. Haya ninayoandika ni kwa wengine wenye friji kama yako.

Uganda ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011. Wengi hudhani ni sheria ya mabenki na watu wa kompyuta, kumbe ndani yake kuna sehemu nzima ya mnunuzi wa kawaida. Sehemu hiyo inakupa siku 7 tangu upokee bidhaa uliyonunua kwa njia ya kielektroniki kuvunja ununuzi. Huulizwi sababu. Hata kama friji ingekuwa na milango yake miwili na haina kasoro, ungeweza kusema sikuitaka. Gharama ya kuirudisha ni yako, yaani nauli ya pikapu, lakini hutozwi faini wala "hasara ya duka". Muuzaji ana siku 30 tangu uvunje kukurudishia pesa yako.

Wewe una zaidi ya hapo. Sheria hiyo hiyo inamlazimu anayeuza mtandaoni aonyeshe jina lake kamili na hadhi yake kisheria, mahali alipo, simu, barua pepe, maelezo ya bidhaa, bei yote pamoja na usafiri na kodi, muda wa kufikisha, na utaratibu wake wa kurudisha bidhaa na pesa. Ulinitumia picha ya ukurasa wake. Nimeona jina la kupendeza, namba ya simu, neno Kampala na mioyo mingi. Asiyetoa taarifa zile anampa mnunuzi siku 14 badala ya 7. Kwa hiyo hata aliyechelewa kidogo asikate tamaa kabla hajautazama ukurasa wa muuzaji wake.

Halafu kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile tuliyoachiwa na mkoloni. Hii haijali kama ulinunua Instagram au soko la Owino. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo. "Mpya, milango miwili" ni maelezo, na friji ya mlango mmoja yenye harufu ya samaki hailingani nayo popote. Hapa huvunji ununuzi kwa kubadili mawazo, unaikataa bidhaa kwa sababu si ile mliyokubaliana. Lakini ikatae upesi na usiifanye mali yako. Ukiichomeka umeme, ukapanga nyama, ukagandisha maji ya watoto kwa mwezi mzima, muuzaji atasema uliipokea ukaridhika, na hakimu atamsikiliza.

Sasa yale maneno ya chini ya risiti. Kila arkedi ya Kampala imeyachapa, na nadhani kuna mchapaji mmoja aliyeyaweka kwenye kompyuta yake zamani, basi yanatoka yenyewe. Sheria ya 2011 inasema wazi kwamba kifungu cha makubaliano kinachomnyang'anya mnunuzi haki zilizomo katika sehemu ile ni batili. Na wewe uliyaona lini? Baada ya kulipa na baada ya kulalamika. Mtu hafungwi na sharti aliloonyeshwa wakati biashara imekwisha.

Tukija kwenye vitendo, Afande, simu yako ndiyo faili lako. Sheria ile inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, haukataliwi kwa sababu tu si karatasi. Lakini nimeona watu wakileta picha za skrini zisizoweza kumfunga hata paka. Kosa la kwanza: umemhifadhi muuzaji kwa jina "Muuza Friji", basi picha yote inaonyesha "Muuza Friji", jina ulilompa wewe mwenyewe, na namba yake haionekani popote. Futa jina hilo kwanza ili namba itokee, ndipo upige picha. La pili: watu huwasha ile mipangilio ya ujumbe kujifuta wenyewe, wakija mahakamani mazungumzo hayapo. Izime leo. La tatu: wanauza simu ya zamani wakidhani picha walizochapa zinatosha. Itunze simu yenyewe, mwenzako akikana utaambiwa uionyeshe. Ongeza ujumbe wa mobile money wenye namba ya muamala, na picha ya tangazo lenyewe kabla hajalifuta.

Kisha mwandikie, leo, kwa WhatsApp na kwa ujumbe wa kawaida pia. Usitukane. Andika hivi: "Tarehe fulani nimepokea friji isiyolingana na tangazo lako. Navunja ununuzi huu. Njoo uichukue au nipe mahali pa kuileta. Nirudishie shilingi 1,450,000 ndani ya siku 30." Kama hasomi Kiswahili, mwambie mjukuu aiweke kwa Kiingereza, lugha ya mahakama zetu ndiyo hiyo bado. Kinachokukinga ni kwamba kuna siku, saa na maneno yanayoonyesha ulikataa mapema. Simu ulizopiga ukifoka hazimo kwenye faili lolote.

Akikaa kimya, nenda kwenye utaratibu wa madai madogo. Ulianzishwa kwa kanuni za mwaka 2011, unachukua madai yasiyozidi shilingi 10,000,000, na mawakili hawaruhusiwi, si wako wala wake. Hilo peke yake limewaponya wengi, kwani wakili wa friji angekula friji nzima na stendi yake. Unaanza kwa notisi ya madai, mdaiwa anapewa siku 14 kulipa au kujibu, asipofanya hivyo unafungua shauri. Fomu ziko masijala. Mwulize karani, na usimwonee haya, ndiyo kazi yake. Si mahali pa kudai talaka wala kashfa. Ni pa pesa na bidhaa.

Hapo ndipo tunarudi kwa wimbo wangu: notisi hiyo unampelekea nani, wapi? Hakimu hawezi kuamuru picha ya Instagram ilipe. Una nyuzi mbili za kushika. Ya kwanza ni jina lililotokea kwenye mobile money ulipotuma pesa, ambalo ndilo jina lililosajiliwa na laini hiyo. Ya pili ni dereva wa pikapu. Watu wote humsahau dereva. Yeye anajua alipakia wapi, kwenye stoo gani, na nani alimlipa. Mtafute kwa upole, mnunulie soda, mwulize. Uliniambia simuni kwamba alitaja jengo la karibu na Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla Kampala. Basi nenda ukalione kwa macho, andika namba ya duka, na kama una mashaka pita kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wa eneo lile, umwulize nani mwenye duka hilo. Ukishapata jina na mlango, Afande, wewe ndiye mwenye nguvu, na naamini ukimwonyesha notisi iliyogongwa muhuri atakumbuka ghafla kwamba pesa ipo.

*Mama Karani, jambo sana. Mimi ni Mkongomani, niko Nakivale. TikTok niliona mtu anauza simu za kupangusa, 380,000, anasema yuko Mbarara. Akasema nitume pesa na ya kutolea, simu itakuja kwa basi. Nikatuma. Akasema imekwama, kuna ushuru wa 60,000. Nikatuma tena. Sasa amenifungia WhatsApp. Je, mkimbizi anaweza kumshitaki raia? Tena kuna mtu mwingine amenipigia, anasema yeye ni wa kitengo cha kurudisha pesa, anaomba 50,000 ya faili.* — Baba Watatu, Nakivale

Ndugu yangu, naanza na mwisho wa barua yako. Usimtumie huyo wa tatu hata shilingi. Hakuna ofisi ya serikali wala kampuni ya simu inayorudisha pesa kwa kutumiwa pesa kwanza kwenye namba ya mtu. Aliyekupigia anajua uliibiwa, na jiulize alijuaje.

Kuhusu ukimbizi: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufika mahakamani kama mtu mwingine yeyote hapa Uganda. Yeyote atakayekuambia "wewe si raia, nenda zako", mwulize jina lake na cheo chake, na uandike.

Jambo lako ni tofauti na la Afande. Kule kuna friji na kuna duka, kuna ubishi wa biashara. Kwako hapakuwa na simu tangu mwanzo, ni wizi uliovaa nguo za biashara. Usihesabu siku 7 wala 14. Hili ni la polisi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 ina kosa la udanganyifu wa kielektroniki, na adhabu yake inafika miaka 15 jela, au faini ya hadi pointi 360 za fedha, ambazo kwa hesabu ya shilingi 20,000 kila moja ni 7,200,000, au vyote viwili. Kujipatia fedha kwa hila ni kosa pia katika Kanuni ya Adhabu.

Mtu akigundua hivi, mpangilio ni huu. Dakika hiyo hiyo piga simu ya huduma ya kampuni yako, kabla ya polisi na kabla ya kumweleza jirani. Pesa ikiwa bado imo kwenye akaunti ya mwizi, kampuni inaweza kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, imekwenda. Omba namba ya malalamiko, uiandike. Ndipo uende kituo cha polisi kilicho karibu nawe, utoe maelezo, na usiondoke bila namba ya SD, yaani namba ya kitabu chao cha kituo. Bila hiyo namba, kesho hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuja. Kufungua malalamiko ni bure, hata wakikuambia karatasi zimekwisha. Laini za simu zimesajiliwa kwa vitambulisho, na polisi wanaweza kuiomba kampuni taarifa za mwenye laini kwa kufuata utaratibu wa kisheria. Wewe mwenyewe huwezi, kampuni haitakupa, na inafanya sawa.

Sitakudanganya: pesa iliyotolewa mara chache hurudi, kwa sababu laini hizo mara nyingi zimesajiliwa kwa jina la bibi fulani kijijini asiyejua lolote. Lakini ripoti hata hivyo. Namba moja ikiwa na malalamiko ya watu kumi katika vituo tofauti, mpelelezi ana kitu cha kushika. Yako peke yako ni karatasi moja mezani.

Kwa watakaonunua kesho, kuna sekunde moja ambayo watu huipita mbio. Unapotuma mobile money, kabla hujaweka PIN, jina la mpokeaji hutokea. Muuzaji anajiita duka la simu Mbarara, jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa, ukimwuliza anasema ni la mke wake au la mhasibu. Simama hapo. Biashara iliyosimama vizuri mara nyingi ina namba ya mfanyabiashara, na jina la biashara ndilo linalotokea. Na maneno "tuma na ya kutolea" kwa kitu ambacho hujakiona, kwangu mimi yanatosha kufunga mazungumzo.

*Mama, nilinunua kebo ya soketi nyingi mtandaoni, ikayeyuka siku ya pili, nusura iunguze pazia. Muuzaji amenirudishia pesa bila ugomvi. Yamekwisha?* — Mpangaji, Jinja

Kwako yamekwisha. Kwa atakayenunua kebo ya pili kutoka boksi lile lile hayajaisha. Usiitupe iliyoyeyuka. Piga picha yake na ya pakiti yake, uripoti kwa UNBS, shirika la taifa la viwango, ambao makao yao yako Bweyogerere. Wao wana mamlaka ya kukagua bidhaa na kuziondoa sokoni, jambo ambalo wewe na muuzaji mwungwana hamwezi kulifanya mkiwa wawili.

*Shikamoo Mama. Nauza vitenge hapa Arua, vingi navitoa Ariwara, upande wa Kongo, oda napokea WhatsApp na TikTok. Mteja wa Kampala alinitumia vipimo vyake, nikamshonea gauni la 120,000. Sasa analirudisha, eti rangi haijamkaa, na ananitisha kwa sheria ya siku 7. Mwingine alinunua vitenge sita, hajavikata, naye anarudisha. Niwalipe wote wawili? Mbona sheria hii inamlinda mnunuzi tu?* — Binti wa Vitenge

Marahaba, binti yangu. Mmoja mlipe, mwingine usimlipe.

Wa gauni hana siku 7. Sheria imetoa vitu kadhaa nje ya haki hiyo, na kimojawapo ni kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vya mteja au kumfaa yeye mwenyewe. Gauni lililoshonwa kwa kiuno chake utamuuzia nani? Pamoja nalo vimetolewa vitu vinavyoharibika upesi, magazeti na vitabu, programu au kanda ambazo mnunuzi amekwisha kuzifungua, mnada, na michezo ya bahati nasibu na kamari. Basi aliyeweka mkeka wa mpira mtandaoni asiniandikie kuomba siku 7. Ila angalia jambo moja: kama vipimo ulikosea wewe, au alichagua kitenge cha buluu ukamshonea cha kijani, hilo si suala la siku 7 tena, hukumpa alichonunua. Mjibu kwa upole, umwambatanishie ujumbe wake mwenyewe wenye vipimo na rangi.

Wa vitenge sita ana haki, kama yumo ndani ya siku zake. Avirudishe kwa gharama yake, havijakatwa wala kufuliwa, nawe umrudishie pesa ndani ya siku 30. Uchungu naujua, lakini vitenge vizima utaviuza tena.

Sasa nikuulize wewe: ukurasa wako una nini? Nimeutazama. Video nzuri, muziki wa kuchezesha mabega, na kila anayeuliza bei anajibiwa "njoo inbox". Hii tabia ya bei inbox inaniudhi kuliko nyanya iliyooza sokoni. Sheria inataka bei yote ionekane, pamoja na nauli ya kufikisha mzigo. Anayeficha bei hadharani anampa mteja sababu ya kudhani kila mtu analipa tofauti, na mara nyingi ni kweli. Andika jina lako kamili, Arua mtaa gani, bei, mzigo unachukua siku ngapi, na kwamba nguo za kushona kwa vipimo hazirudishwi. Sentensi hiyo moja ungeiandika mapema, mama wa gauni asingekusumbua. Bila taarifa hizo unawapa wateja siku 14 badala ya 7, kwa hasara yako. Na kama hamkupanga siku, oda unatakiwa uitimize ndani ya siku 30. Ukishindwa, mteja anaweza kuvunja baada ya kukupa notisi ya siku 7.

La mwisho kwako. Nimeona umebandika picha za wateja wakijaribu nguo, na moja ina karatasi ya oda yenye jina, simu na mtaa wa mtu. Iondoe leo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake, na kuna ofisi yake, iliyo chini ya NITA, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, inayopokea malalamiko na kusajili wanaokusanya taarifa za watu. Picha ya mteja anayetabasamu ni tangazo zuri sana. Mwombe kwanza, kwa maandishi, wengi watakubali.

*Mama Karani, niko Busia upande wa Uganda. Nilinunua viatu vya jumla kwa muuzaji wa Nairobi kupitia WhatsApp, nusu ni vya mguu mmoja. Nimshitaki hapa Busia?* — Mchuuzi wa Viatu

Mkono wa hakimu wa Busia yetu hauvuki mpaka kirahisi. Wakenya wana sheria moja ya jumla ya kumlinda mnunuzi tangu 2012, jambo ambalo sisi hatuna. Haki zetu zimetawanyika, kipande huku kipande kule, ndiyo maana safu hii haiishi kazi. Wana pia mahakama ya madai madogo inayochukua hadi shilingi 1,000,000 za kwao. Lakini wewe umenunua ili uuze, kwa hiyo tegemea zaidi makubaliano yenu ya kibiashara. Utalazimika kumfuata alipo. Piga hesabu ya nauli, malazi na siku za kufunga kibanda kabla hujaapa kumkomesha.

Ninachokushauri ni kuafikiana naye kwanza, abadilishe hivyo vya mguu mmoja mzigo ujao. Na kuanzia sasa mlipe mtu wake hapo mpakani, magunia yakiwa yamefunguliwa, viatu vimepangwa jozi kwa jozi. Atalalamika kwamba humwamini. Mwache alalamike.

*Napokea ujumbe kila siku wa huduma ya vidokezo vya mapenzi. Wa jana unasema: usipojibu NO, umekubali kujiunga na kulipia. Nimekubali?* — Kijana, Malaba

Hapana. Kunyamaza mbele ya ujumbe usiouomba si makubaliano, ile Sheria ya Miamala ya Kielektroniki imelisema hilo waziwazi, na inamlazimu anayetuma matangazo hayo kukupa njia ya kujitoa. Jitoe. Wakikukata muda wa maongezi, dai urudishiwe kwa kampuni yako ya simu, na wasipokusikiliza peleka malalamiko UCC, tume ya mawasiliano, ukiwa na picha ya ujumbe wenyewe, tarehe ikionekana. Na vidokezo vya mapenzi, kijana, waulize wajomba zako, wapo hapo Malaba na hawatozi.